Blanketi Lenye Mkia

Rukia,

Nimekukasirikia. Ningeanza na salamu kama tulivyofundishwa barua ya kirafiki, anwani kule juu upande wa kulia, halafu "natumai u mzima wa afya". Nimeyaandika hayo, nikayatazama, nikaichana karatasi. Hii ni ya pili. Basi naanza na hasira, kwa kuwa ndiyo niliyoamka nayo leo na jana na juzi, na nimechoka kuificha kama ninavyoficha kila kitu.

Siku uliyozikwa wanaume walikuchukua wakaenda, sisi wanawake tukabaki uani na vikombe vya chai. Sijui hata umelala upande gani wa makaburi. Na hata ningejua, wanijua mimi: ningefika langoni, nimkute mtu mmoja anafagia, nigeuze. Mimi ndiye Kadzo ambaye mwalimu akiita majina hunipita akaandika sikuja, na mimi niko pale pale mstari wa pili, nimejibu, ila sauti imeishia kooni. Kwa hivyo sina pa kukuambia ila hapa. Nikimaliza nitaikunja karatasi hii niitie kwenye sanduku letu la vifaa, chini ya ile tepu tunayobandikia skurubu, ambapo hapafungui mtu mwingine.

Niwatoe kwanza wale walio rahisi kukasirikiwa.

Shuleni tulipangwa paredi kwa ajili yako. Saumu alilia mpaka wasichana wawili wakamshika kwapani. Saumu huyo huyo aliyekuita Taa ya Njano kwa sababu ya macho yako, aliyekuwa akiifuta bilauri kwa ukingo wa sketi ukishainywea wewe, kana kwamba sikoseli, ugonjwa wa damu uliozaliwa nao, huambukizwa kwa mate. Kisha mkuu wa shule akasema ulikuwa mwanafunzi mchangamfu asiyelalamika. Asiyelalamika! Wewe uliyeitukana skurubu iliyokwama mpaka mamako akatoka jikoni na mwiko, akauliza ni nani huyo unayemtusia wazazi. Ulilalamika vizuri sana, Rukia. Ulilalamikia vyuma, waya fupi, betri zilizovuja, mitihani. Mwili wako tu ndio uliounyamazia, na kwa hilo wakakupigia makofi. Paredini, makofi! Sijui nani aliyeanza.

Na pale matangani kwenu kulikuwa na mama mmoja, simtaji, aliyesema huku anamega andazi, "Mtoto wa sikoseli yule, tangu hapo alikuwa wa kuazimwa tu." Wenziwe wakaitikia mmh. Kuazimwa na nani? Kama ngazi? Mimi nilikuwa nyuma yao na sinia la vikombe, na maneno yote hayo nilikuwa nayo mdomoni, nikayameza na mate. Nikazunguka nikawaongezea chai.

Sasa wewe na mimi.

Unakumbuka ulivyonikamata? Mwaka ule tulioingia sekondari. Ulikuwa hujaonekana darasani wiki nzima, na kwa kuwa nyumba yetu iko nyuma ya yenu hapa Bofu, mimi ndiye niliyetumwa nikuletee daftari za kunakili. Siku tatu niliziacha kizingitini, nikabisha, nikakimbia. Siku ya nne ukawa umejibanza nyuma ya mlango.

"We Kadzo! Kwani mimi nauma?"

Nikaganda. Ulikuwa umeshika redio iliyopasuliwa tumbo. Hukuniuliza habari za shule wala nini. Ulinitia bisibisi mkononi ukasema, "Una mikono iliyotulia wewe. Shika hapa, usipumue." Hakuna mtu aliyewahi kunisifia kitu changu chochote kabla ya siku hiyo, na nilikaa nimeishika waya ile mpaka vidole vikafa ganzi. Redio uliiokota jaani nyuma ya nyumba za kupanga, na ilikuwa na mende wengi kuliko stesheni. Tulipoifunga ikakohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena, halafu akatoka mtu anayetangaza sabuni. Ukapiga vigelegele kana kwamba tumemtoa bibi arusi.

Basi ikawa ndiyo michezo yetu. Wengine walikuwa na netiboli, wewe huwezi kukimbia na mimi siwezi kutazamwa, tukawa na jaa. Pasi, feni, birika za umeme, spika zilizoliwa na panya. Watu wakatuzoea. Wengine waliacha kutupa, wakawa wanatuletea barazani wenyewe: "Haya madaktari, mgonjwa huyu hapa." Kilichopona tulimpa yeyote aliyekitaka. Fizikia ya darasani ni Kiingereza kitupu, lakini kwenye kibaraza chenu kila kitu kilikuwa na jina letu. Vile vidogo vyenye mistari ya rangi vilikuwa viwavi. Vile vinavyosimama wima vilikuwa mapipa. Mwalimu akiniuliza kwa Kiingereza kazi ya pipa, jibu ninalo, ila halitoki. Kwako lilikuwa likitoka, lugha yoyote. Hiyo nayo umeondoka nayo, na sikukupa ruhusa.

Na tulikuwa na sheria moja. Si kwamba tulizaliwa nayo. Mwezi wa kwanza tuliokota pasi ambayo fyuzi yake imekata, na wewe kwa haraka zako ukasema fyuzi ya nini, ukaunganisha waya na waya ukairuka. Ikawaka, tukashangilia, tukaisahau mezani. Ilichoma ubao, ikachoma kanga ya mamako, moshi ukaujaza ukumbi. Mamako akaja na ndoo ya mchanga. "Mwataka kunichomea nyumba, wanawake nyinyi?" Jioni ile ile ukachukua kalamu nyekundu ukaandika ndani ya kifuniko cha sanduku: HATURUKI FYUZI. Ukanilazimisha kutia sahihi kama waziri.

Mwandiko huo bado upo. Nautazama sasa hivi. Ningeweza kuukwaruza kwa kisu.

Halafu likaja blanketi. Mamako alirudi nalo kutoka soko la Kongowea, lilikuwa limevingirishwa katikati ya robota la mitumba anayouza. Akalitupa kitandani kwako akisema, "Blanketi gani hili lina mkia?" Dogo, la rangi ya maziwa yaliyoungua, na waya umening'inia pembeni wenye plagi ya kwao huko. Wewe ulijua mara moja. Ulikuwa umeyaona kwenye video za mtandaoni, watu wa nchi za baridi wanajiwekea mgongoni. Na kila mtu kwenu anajua kitu kimoja kinachokusaidia maumivu yakikushika, ni joto. Ulilikumbatia hata kabla hatujalifungua. Sijawahi kukuona ukikumbatia kitu kibovu.

Tukalipima kwa mita, ile inayolia njia ya umeme ikiwa nzima. Waya wa ndani mzima, swichi nzima. Kilichokufa ni kile kijifyuzi cha joto, kidogo kama punje ya mchele, kina miguu miwili, kimeandikwa sabini na saba. Ukanieleza kwa kidole, kama mwalimu. Joto likizidi hapo, hiki hukata, mwenye kulala asiungue. Nikasema tutoe cha pasi. Ukacheka. "Cha pasi kinangoja mpaka niive, Kadzo." Lazima kinunuliwe. Na mguu wako wiki hiyo haukufika hata chooni bila kushikwa. Ukanitazama.

"Utaweza?"

Ulijua unachoniomba. Duka la Fundi Kassim liko pale stejini, matatu zinaposimama, na mbele yake kuna lile benchi, na kwenye benchi hakukosi wanaume watano wasio na kazi ila ulimi.

Nikasema nitaweza.

Sasa sikiza, kwa sababu hili ndilo lililonikalisha kuandika, na hakuna mtu aliyelijua mpaka wiki hii.

Nilikwenda. Siku ile ile. Nilipita mbele ya duka mara tatu, nimeyakariri maneno kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na yote mawili yakanikimbia. Mmoja wa benchi akaniita, "Dada, umepoteza kitu ama umempoteza mtu?" Wakacheka wote. Nikaingia na shingo yangu imeingia mabegani, nikafungua kiganja, nikamwonyesha Fundi ile fyuzi iliyokufa bila kusema neno hata moja. Akaitazama kwa miwani, akafungua kidroo, akanipa nyingine kama hiyo. Nikaacha pesa kaunta, nikatoka mbio. Nyuma nikasikia, "Huyo ni bubu ama ni mimi ninatisha?"

Kwa hivyo niliipata, Rukia. Niliipata siku ya kwanza.

Na sikuja kwako. Nilitaka nikuletee blanketi limeshapona, nikutupie kitandani kama alivyofanya mamako, nione uso wako. Nikakaa nyumbani na blanketi na sanduku nililokuwa nimeondoka nalo kwenu, nikawasha chuma cha kulehemu, nikafanya vile ulivyonifunza, usiharakishe, acha risasi iyeyuke itiririke yenyewe. Ikatiririka vizuri. Nililehemu vizuri kuliko siku zote. Kisha nikaipima na mita haikulia. Nikaipima tena. Nikabadilisha betri ya mita, nikaipima tena.

Nilikuwa nimeiua. Kitu kilichotengenezwa kife kikipata joto, nami nimekikalia na chuma cha moto mpaka risasi ikayeyuka. Mtoto mdogo angejua. Mimi sikujua, kwa sababu nilikuwa nafikiria uso wako.

Kesho yake ukaniuliza. Na mimi nikakuambia, "Fundi hana. Ataleta wiki ijayo."

Ukasema, "Haya, hakuna haraka."

Siku kumi na moja. Kila siku baada ya shule nilifika kwenye kibanda cha viazi karai, ng'ambo ya duka, nikalitazama benchi, nikageuza. Siku moja benchi lilikuwa na mtu mmoja tu, na alikuwa amesinzia, wallahi, kama nyinyi mnavyoapa, amesinzia kofia usoni. Na bado nikageuza. Nilijiona nimesimama pale kaunta nikisema nimeiharibu, naomba nyingine, na yule wa benchi akitia neno, na wengine wakicheka, na uso wangu ukiwaka. Hicho tu. Hicho ndicho nilichokuwa nakikimbia. Kucheka kwa watu watano.

Halafu mvua za kusi zikakaza, baridi ikaingia, na wewe ukaanza. Nakutumia ujumbe, unajibu "niko sawa". Niko sawa, niko sawa, niko sawa, ninazo zote kwenye simu. Hukuwa sawa! Kwa nini hukuniambia? Ungeniambia naumia, Kadzo, naumia vibaya, ningekwenda. Naapa ningekwenda. Ama labda nasema hivyo tu sasa. Unaona unavyoniacha na mambo nisiyoweza kuyapima?

Ijumaa ile nilipokuja kukurudishia sanduku na blanketi ulikuwa kwenye godoro sakafuni. Mamako alikuwa anatia maji moto kwenye chupa za soda, anazifunga kwa kanga, anakupanga nazo mgongoni na miguuni kama samaki kwenye barafu, ila kinyume chake. Zikipoa anaanza upya. Alipotoka kwenda kuchemsha mengine ukanishika mkono. Ulikuwa na nguvu, sikutegemea.

"Kadzo. Iruke."

Nikajifanya sikuelewa.

"Iruke fyuzi. Unganisha waya. Leo tu. Nitalizima mwenyewe."

Na mimi nikalifungua sanduku nikakuonyesha kifuniko. Mwandiko wako mwenyewe, na sahihi yangu chini yake. Nilikuonyesha tu kwa kidole. Halafu nikaongezea juu yake ule uongo: "Vumilia kidogo, Fundi anasema Jumatatu."

Ukageuza uso ukutani.

"Basi kaa na fyuzi yako."

Hilo ndilo la mwisho ulilonipa. Jumamosi wakakupeleka hospitali, wakasema ugonjwa umeingia kifuani. Jumapili nilikuwa kanisani, tumesimama tunaimba, dadangu akaja kunivuta mkono.

Nimekasirika kwamba uliniomba. Ulijua. Ungelala juu yake kwa dawa zile za maumivu zinazokuletea usingizi na lingekuchoma mgongo, na ulijua hivyo kuliko mimi, ni wewe uliyenifunza, halafu ukanitazama na macho yale ukaniweka mimi niwe wa kukataa. Nimekasirika kwamba nilikuwa sahihi. Watu wakiwa sahihi hulala vizuri. Mimi nilikuwa sahihi kuhusu fyuzi na mwongo kuhusu duka, kwa mdomo mmoja, kwa pumzi moja, na kwa ukweli wangu wote siku hiyo nilikuwa nimeufunika ule uongo kama unavyofunika chakula kilichochacha kwa sahani safi.

Na asinijie mtu kuniambia blanketi halitibu kifua. Najua. Nimesoma mpaka macho yameniuma. Ungekufa vile vile. Lakini ungekuwa na joto, Rukia. Siku kumi na moja za joto, lisilopoa kila baada ya robo saa. Na usingenigeuzia ukuta.

Ilipofika arubaini yako mamako aligawa nguo zako. Mimi nilisimama mlangoni, sikujua kama mgeni wa dini nyingine huingia wakati huo ama hungoja. Akaniona. Nje alikuwa anapita yule wa vyuma chakavu na mkokoteni wake, anagonga debe. Mamako akatoa sanduku letu, blanketi limekunjwa juu yake, akasema, "Kadzo mwanangu, haya mavyuma yenu. Wayataka, ama nimwite huyu ayachukue?"

Niliitikia kwa kichwa tu. Hata "ndiyo, Mama" sikuweza. Akanikabidhi kama anayekabidhi mtoto aliyelala. Nikaliweka chini ya kitanda changu na sikulifungua.

Wiki jana Zuhura hakwenda shule. Unajua nduguyo ana damu kama yako, lakini wewe ulikuwa ukisema yake ni ya upole. Miaka saba, nani amwambie maumivu yawe ya upole. Nilipokuja kumletea machungwa nikazikuta zile chupa tena, kanga ile ile. Na mguuni ana bandeji. Chupa moja kifuniko kililegea, maji yakammwagikia, ngozi imetoka paja zima. Mamako alikuwa anazungumza na mimi huku haniangalii. "Ni mimi niliyekifunga," akasema. "Nilikifunga mwenyewe, Kadzo, na nilikifunga vizuri."

Nikatoka mle ndani. Sikuaga. Usidhani nilipata ujasiri, hakuna ujasiri wowote. Nilikuwa na hasira mpaka nikiona magurudumu ya tuktuk yananikera. Nilifika kwa Fundi Kassim na kile kibegi cha shule mgongoni, nikapita benchi.

"Eeh! Dada wa kimya huyo! Leo umekuja na mdomo?"

"Nimekuja nao," nikasema.

Wakapiga makofi, wakacheka. Nikangoja wamalize. Niligundua kwamba wao humaliza. Kicheko chao kina mwisho, kama mwendo wa kupanda ngazi ishirini, sikuwahi kukaa mpaka mwisho wake.

"Shikamoo, Fundi. Nataka fyuzi ya joto ya sabini na saba, na nataka kujua kwa nini ile ya kwanza ilinifia."

"Marahaba. Ya kitu gani hasa?"

"Blanketi la umeme."

"Aa," akapunga mkono. "Hayo yana usumbufu. Iruke tu, mwanangu, waya kwa waya, litakutumikia miaka."

Rukia, nilipiga kelele. Mimi. Stejini, watu wanasikia mpaka kwa muuza kashata. "Siruki! Yalalia mtoto! Mwenyewe aliniomba niruke sikuruka, na amekufa, halafu wewe waniambia niruke?"

Hata sarufi ilinitoka.  Yule mwenye ulimi pale benchi akavua kofia. Fundi akaivua miwani akaishika mkononi, kisha akafungua kile kidroo.

"Uliilehemu," akasema. Hakuuliza.

"Ndiyo."

"Hii hawailehemu, mwanangu. Huishi kwa kuogopa moto, nawe ukaitia motoni." Akanionyesha: vijibomba viwili vya shaba, unaingiza mguu wa fyuzi na waya, unabana kwa koleo mpaka vinashikana, hakuna moto hata kidogo. Akanifanya nirudie mara mbili kwa vipande vya waya. Halafu, huku anavifunga kwenye kikaratasi, akasema lile neno. Alilisema kwa wema, ndiyo sababu siwezi kumsamehe.

"Sasa mbona hukurudi siku ile ile? Ningekupa nyingine bure. Kila mtu huiua ya kwanza. Mimi niliziua tatu."

"Na kiti cha mteja akakichoma," akasema yule wa benchi, taratibu.

Bure. Na hadithi ya kiti. Hicho ndicho kilichokuwa kikiningoja pale kaunta siku zote kumi na moja. Nilirudi nyumbani nikakaa nyuma ya choo nikalia kwa hasira mpaka nikatapika, na nilikuwa nakutukana wewe, kwa jina, na ukoo, kama unavyoitukana skurubu.

Kisha nikanawa uso nikaibana fyuzi. Mita ikalia mara ya kwanza.

Nimelijaribu siku tatu mchana, nimelilalia mimi mwenyewe, nimelikunja vibaya makusudi, nimelifunika mto juu yake nione kama fyuzi itakata. Ilikata. Ikabidi ninunue nyingine, na nilikwenda siku hiyo hiyo, na yule wa benchi akasema, "Ya pili hiyo, bado moja umfikie Fundi." Nikaibana. Sasa nalijua lile blanketi kuliko ninavyojijua.

Jana nimelipeleka. Zuhura alikuwa amekaa kitandani mwako, mguu umenyooshwa. Akashika waya akauliza kama paka. Nikamwambia ni blanketi la joto, Rukia alitaka tulitengeneze. Akafikiri. Watoto wana ubaya wao.

"Mbona halikuwa tayari wakati wa Rukia?"

Mamako alikuwa mlangoni na chupa mbili kwapani. Ningeweza kusema fundi hakuwa na kifaa. Uongo ule ulikuwa bado mzima, ungewaka mara moja.

"Kwa sababu niliharibu kifaa," nikasema, "na nikaona haya kurudi dukani. Nikamwambia Rukia hakipatikani. Nilimdanganya siku kumi na moja."

"Haya ya nini?" akauliza Zuhura.

Nikaanza kuukunjua waya. Kweli, Rukia. Jibu lake nalitafuta tangu jana.

Nikasikia matone ya kifuniko cha chupa moja ya mamako yakidondoka sakafuni. Nilingoja aniambie nitoke. Nilingoja pia aniambie si kosa lako mwanangu, na ningemchukia angesema. Hakusema lolote kati ya hayo.

"Liwashe nione," akasema.

Nikaliwasha. Akaweka kiganja. Akangoja, mpaka joto lilipokuja nikaliona usoni mwake. Akamlaza Zuhura juu yake, akavuta shuka. Kisha akaenda jikoni, akafungua zile chupa, moja, ya pili, akayamwaga yale maji moto kwenye beseni la vyombo, akaanza kuosha. Aliosha kwa muda mrefu. Mimi nilikaa na Zuhura, nimeshika plagi, mpaka akalala.

Sijui kama amenisamehe na sitamwuliza. Wewe nawe usiniharakishie msamaha huko uliko, kwa sababu wa kwako mimi bado sijakupa. Uliniambia kaa na fyuzi yako. Nimekaa nayo. Ile niliyoiua nimeibandika kwenye kifuniko, chini ya mwandiko wako wa kalamu nyekundu, karibu na sahihi yangu, ili kila nikifungua ianze yenyewe kunitazama.

Kwa sasa nalifunga sanduku. Kesho kuna feni ya mama wa viazi karai, ameiacha barazani kwenu mwenyewe, na mamako amenitumia mtoto kuja kuniambia mgonjwa ananingoja. Lala, Rukia. Lala kwa joto. Nitaharibu vingi bado, unanijua haraka zangu nikifikiria uso wa mtu. Lakini nikiiua ya kwanza, nitarudi siku hiyo hiyo. Na wacheke.

Mimi wako mwenye mikono iliyotulia,
Kadzo